Stora na Vifurushi vya Watu wa Mbali

Ungemwona sokoni Palma, mji wetu huku kaskazini mwa Msumbiji, usingedhani kwamba mwanamke yule anaogopa kitu kipya. Kitenge kikiingia asubuhi kutoka Mtwara, jioni yake ameshakivaa, na pindo bado linaning'inia nyuzi. Nywele alizibadilisha mara kwa mara mpaka mlinzi wa shule akawa anamsimamisha getini kwa utani na kumdai kitambulisho. Alihama nyumba kwa sababu tu amechoka na rangi ya ukuta. Akionjeshwa chakula asichokijua aliuliza kinavyopikwa, na kesho yake alikipika vibaya, akawaita majirani waje wakile.

Mtu huyo huyo akikaa mbele ya kompyuta aligeuka mwingine. Mabega yalipanda, sauti ikashuka. Ukisogeza kidole karibu na kitufe cha kusasisha programu, alikushika mkono.

"Inafanya kazi?" aliuliza.

"Inafanya, Stora."

"Basi iache ifanye."

Tulimwita Stora. Ndivyo wanafunzi wa huku kwetu wanavyomwita mwalimu wa kike. Ni Kireno kilichofupishwa na midomo ya watoto mpaka kikawa chetu. Alikuja kufundisha kompyuta shule ya sekondari akitokea bara, kule juu kwa Wamakonde, na Kiswahili chake kilibaki na mwendo wa huko hata baada ya kuishi pwani miaka mingi. Nilikuwa mwanafunzi wake, baadaye nikawa mwenzake kazini, na bado nilimwita Stora. Jina lake halisi lilikuwa halinikai mdomoni.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja: kunakili. Ukinakili kazi ya mwenzako alikutoa nje. Halafu saa hiyo hiyo alirudi ubaoni na kutufundisha kwamba hakuna programu duniani iliyoandikwa na mtu mmoja, kwamba sote tunaishi kwa kuchukua kazi za wengine. Siku moja nilinyanyua mkono nikamwuliza tofauti iko wapi.

"Yule umemwibia," alisema. "Huyu amekupa. Na aliyekupa unamshukuru."

Naye alishukuru kweli. Hilo sijaliona kwa mtu mwingine katika kazi hii. Tulipoanza kutengeneza programu yetu, aliwatafuta mmoja mmoja waandishi wa vile vipande tulivyovitumia, watu waliotawanyika katika nchi tusizozijua, akawaandikia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: sisi ni watu wa Palma, kazi yako inatusaidia, Mungu akulinde. Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu. Alituma picha ya dirisha lake lililofunikwa na theluji, akaeleza kwamba Palma hajapata kuisikia, na kwamba watu humwandikia kulalamika tu. Stora aliichapisha picha ile akaibandika ukutani, na wageni walipomwuliza ni ya wapi alisema, "Kwa shemeji."

Baada ya muda yule shemeji akaacha. Aliweka tangazo fupi kwenye mtandao: amepata mtoto, amechoka, anayetaka kuiendeleza kazi yake aichukue. Stora alilisoma, akalirudia.

"Unaona, Zainabo?" aliniambia. "Nyumba yetu imeshikiliwa na mtu ambaye hajalala."

Sina budi kueleza programu yenyewe, maana mtu huyu huwezi kumjua bila kuijua kazi yake.

Chama kimoja cha akina mama kilituomba tuwasaidie wagonjwa wanaomeza dawa kila siku: wa presha, wa sukari, na wengineo. Dawa zilikuwa hazifiki kituo cha afya kwa mpango wa kueleweka. Leo zipo, wiki nzima hakuna. Mtu alitoka kijijini Pundanhar kwa ile barabara yake ya mashimo, akafika, akakuta kabati tupu. Tukatengeneza programu ya kuwaita. Muuguzi akijua siku ya kugawa dawa, anaiandika, na programu inatuma ujumbe kwenye simu ya kila anayehusika: njoo siku fulani, dawa yako ipo. Kwa Kiswahili, kwa Kimakonde, kwa Kimwani, kwa Kireno, kila mtu na lugha yake.

Kilichokuwa chetu mle ndani kilikuwa kidogo. Kipande cha kuhesabu tarehe kiliandikwa na wengine. Kipande cha kuzungumza na mitambo ya kampuni ya simu kiliandikwa na wengine pia. Sisi tuliviita pakote, kwa Kireno, yaani vifurushi. Kila pakote inaegemea pakote nyingine, na kila mwandishi huirekebisha yake anapotaka, akatoa toleo jipya. Toleo jipya huweza kuziba tundu ambalo mwizi angepitia. Huweza pia kubadili jambo ulilokuwa unalitegemea, nawe huna habari. Kazi yote ya mtu wa programu, baada ya kuiandika, ni kuamua apokee lipi, lini.

Mwanzoni Stora alipokea yote. Huo ndio ukweli ambao wengi waliomjua baadaye hawakuuamini. Alisasisha kama alivyonunua vitenge, kitu kikitoka tu. Aliingia ofisini anaimba, anafungua mashine, anauliza, "Leo wametuletea nini?"

Wakamletea tarehe. Wale waandishi wa pakote ya tarehe, kwa sababu zao wenyewe, walibadili namna ya kuzisoma. Kwetu siku hutangulia, mwezi hufuata. Toleo jipya likatanguliza mwezi. Ujumbe ukatoka kwa watu wote, siku imekuwa mwezi na mwezi umekuwa siku, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ilikuwa tarehe kama tarehe nyingine.

Asubuhi ile tuliitwa kituo cha afya. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Kabati lilikuwa tupu, na dawa zilitarajiwa mwezi uliofuata. Mbele kabisa alisimama mzee mmoja na baiskeli. Alikuwa amemsukuma mkewe kutoka Pundanhar, amemfunga kanga kiunoni na kuikaza kwenye kiti asianguke, na miguu ya yule mama ilikuwa imevimba mpaka viatu vimebaki kuning'inizwa kwenye usukani.

"Mzee, siku bado," muuguzi alikuwa anamwambia. "Siku yenyewe ni mwezi ujao."

Mzee alitoa simu akampa Stora, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Nisomee, mama."

Stora alisoma. Tarehe ya siku ile ilikuwa imeandikwa wazi.

"Ninyi ndio mliotuita," mzee akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini yupo mahali alipo. Stora alimfungua yule mama ile kanga kwa mikono yake, akawapeleka nyumbani kwake, wakalala chumba cha mbele mpaka dawa zilipoazimwa kutoka kituo kingine. Mzee alipoondoka alishukuru, akaomba dua, akamtakia Stora maisha marefu. Stora alisimama mlangoni mpaka baiskeli ikapotea.

"Afadhali angenitukana," alisema.

Tangu siku hiyo akazipiga pakote misumari. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Aliiamuru programu itumie toleo lile lile la kila pakote, lile lililokuwa limethibitika, na isipokee jingine. Yale matangazo ya matoleo mapya aliendelea kuyasoma, tena yote, asubuhi, kwa sauti, kama mtu anayesikiliza habari za vifo kwenye redio. Akimaliza alikunja miwani. "Wakatoe kwingine," alisema, akaenda darasani.

Kisha vita vikatufikia.

Mengi yameshasemwa kuhusu siku zile, na mimi sina ninalotaka kuongeza. Familia yetu ilipita porini mpaka Namoto, mpakani, tukavuka mto kwenda Tanzania. Stora alikwenda kusini na watu wengine, kwa miguu na kwa maboti, akafika Pemba ya huku kwetu, mji mkuu wa mkoa. Tulipoonana tena, mji umeanza kurudi na watu wanapaka chokaa kuta zilizoungua, nilimwuliza alichukua nini alipokimbia. Alinyanyua upindo wa gauni lake la ndani. Alikuwa ameshonea flashi mle, ndogo kama ukucha, na ndani yake zilikuwemo pakote zetu zote, kila moja na toleo lake.

"Na vyeti vyako?"

"Viliungua."

"Picha za marehemu mumeo?"

Aliushusha upindo. "Vyeti nitaomba vingine. Ile sura yake naikumbuka. Lakini hizi, Zainabo, matoleo haya haya, nani angenipa tena?"

Nilicheka, naye akacheka. Sikujua wakati ule kwamba ningelifikiria jibu hilo mara nyingi kiasi hiki.

Ukweli ni kwamba flashi ile ilituokoa. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeibwa. Chama kikapata nyingine ya msaada, lakini mtandao wa Palma ulikuwa wa kuvizia, unakuja kama unadokoa, hauwezi kushusha kitu kizima. Mji mwingine wangekwama. Stora alichomeka flashi, akapanga pakote moja baada ya nyingine, na kabla ya jua kuzama simu za watu waliorudi zikaanza kulia. Akina mama wa chama walipiga vigelegele. Mwenyekiti wao alimkumbatia mbele ya watu wote. Nadhani siku ile ndiyo iliyomponza. Alikuwa ameshika jambo kwa woga. Kuanzia hapo akalishika kwa fahari.

Nami nilikuwa nimerudi kutoka Mtwara nikiwa nimejifunza mengine. Tukaanza kubishana. Tulibishana kwa heshima, yeye akinipikia chai, lakini tulibishana.

"Stora, pakote hizi zimezeeka. Nyingine zina matundu yanayojulikana. Waandishi wenyewe wanasema msizitumie."

"Mwizi wa Palma anataka nini kwa wagonjwa wa presha?"

"Mwizi haishi Palma."

"Epa!" Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Basi akija na feri tutamwona."

"Tusasishe moja tu, tuangalie."

"Moja inavuta nyenzake. Wewe unajua. Unagusa moja, inakuambia bila ile haiendi, na ile bila nyingine haiendi. Baada ya wiki umekaa kwenye nyumba ya mtu mwingine, hujui choo kiko wapi." Kisha alinitazama, na kicheko kimekwisha. "Wewe hukumfungua yule mama kanga."

Jambo lenyewe lilikuwa gumu kwa sababu alikuwa na haki. Nami nilikuwa na haki. Mwenyekiti wa chama aliposikiliza pande zote mbili alikaa upande wa Stora, na yeyote aliyeiona flashi ile angefanya hivyo.

Nje ya geti la shule kulikuwa na mwanamke anayekaanga bajia za kunde, Bi Anshia, mtu wa hapa hapa pwani, wa ukoo wa wavuvi wa Tungue. Yeye na Stora walikuwa marafiki wa aina ambayo mgeni angedhani wanachukiana. Kila asubuhi Stora alilalamika kwamba pilipili ni nyingi, na kila asubuhi Bi Anshia alimwongezea. Mwezi wa Ramadhani Stora hakuonekana akitafuna kitu mbele ya geti lile, na Krismasi Bi Anshia alikuwa wa kwanza kufika kwake na sahani imefunikwa. Bi Anshia alikuwa na presha ya siku nyingi. Simu yake aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaining'iniza shingoni kwa uzi ili mafuta yasiirukie, na ujumbe wa dawa ukiingia alipaza sauti watu wasikie: "Stora ananiita!" Ukimweleza kwamba ni mashine inayotuma, alikuangalia kwa huruma. Mashine ilijue wapi jina lake?

Halafu ujumbe ukaacha kwenda.

Hakuna aliyejua, kwa kuwa kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kilikuwa sawa. Muuguzi aliandika siku, programu ikajibu "imetumwa", sisi tukafunga ofisi. Dawa zilifika, zikapangwa kabatini, na watu hawakuja. Muuguzi alidhani wameogopa njia. Wengine walidhani watu wamehama tena. Katika mji uliokwisha kukimbia mara moja, watu wakipungua huulizi sana.

Na kila asubuhi Stora alipita getini akanunua bajia. Waliongea habari za pilipili. Waliongea habari za mvua, za bei ya kunde, za mkwe wa Bi Anshia asiyejua kusalimia. Dawa hawakuzitaja. Bi Anshia aliamini hazijafika, maana Stora hajamwita. Stora aliamini ameshamwita.

Bi Anshia alianguka pale pale getini, kijiko cha kuopolea bajia kikiwa mkononi. Bintiye, Amina, alimsogeza mama yake kutoka kwenye moto. Alipozinduka kituoni, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi haukuweza kutoa neno.

"Alikuwa anameza dawa?" muuguzi aliuliza.

"Zimekwisha siku nyingi," Amina alisema. "Tunangoja mtuite."

Muuguzi aligeuka akalitazama kabati. Lilikuwa limejaa.

Kulitafuta kosa hakukuchukua muda. Kampuni ya simu ilikuwa imefunga njia yake ya zamani ya kupokelea ujumbe na kufungua mpya. Waandishi wa pakote ile waliambiwa mapema, wakatoa toleo jipya, wakaweka onyo la wazi kabisa kwamba la zamani halitafaa tena. Letu lilikuwa la zamani, limepigwa msumari. Liliendelea kuupelekea ujumbe mlango ambao hauna mtu nyuma yake, na mlango ule, sijui kwa uzembe wa nani, uliendelea kumjibu kila abishaye kwamba umepokelewa. Nilisasisha pakote ile moja. Ikavuta nyenzake mbili, nikazijaribu, zikakaa. Mchana haujaisha simu za Palma zikaanza kulia. Ya Stora pia, maana namba yake alikuwa ameiweka humo mchana ule ule. Aliisoma: njoo, dawa yako ipo. Akaiweka juu ya meza, kioo kikitazama chini.

Chama kilifanya kikao. Nilisimama nikaeleza kwamba mtandao wetu ni mbovu, kwamba tangazo lile bila shaka halikutufikia, kwamba hata miji mikubwa hupatwa na haya. Nilikuwa naamini nisemalo. Akina mama wakaafiki kwa vichwa. Mmoja alimshika Stora begani. Yeye alikuwa amekaa, mikono imelala mapajani, na hakusema lolote mpaka kikao kikafungwa.

Kilichofuata ndicho kilicho bora katika yote aliyoyafanya, na kinaniuma kwamba kilikuja kwa bei ile. Alitafuta kompyuta moja mbovumbovu, ya kukunja, isiyo na kazi, akaifanya ya majaribio. Matoleo mapya yakitoka, yanaingia humo kwanza. Tunajitumia ujumbe sisi wenyewe, na muuguzi, na Amina. Tunatazama tarehe, majina, herufi. Tunaliacha toleo likae kidogo, wengine duniani wakilijaribu, tusikie kama wanalia. Likitulia ndipo tunalihamishia kwenye kompyuta ya kazi, na la zamani tunalihifadhi ili tuweze kurudi. Lakini likiwa ni la kuziba tundu, au lina onyo kwamba njia fulani inafungwa, halingoji. Linajaribiwa siku ile ile na kuwekwa siku ile ile. Na "imetumwa" ya kwenye kioo hakuikubali tena. Kila mara alichagua watu kadhaa akawapigia: umepata? Nisomee ulichopata. Wasio na simu, au wasiojibu, akina mama wa chama waliwafuata mitaani kwa miguu. Mpaka leo tunafanya hivyo. Sijui njia iliyo bora zaidi.

Asubuhi, kabla ya vipindi, Stora alikaa na Amina getini akakaanga bajia. Aliziunguza. Watu walinunua hivyo hivyo. Mchana alikwenda kukaa na Bi Anshia, akimlisha uji, akimweleza habari za shule kwa kirefu, na Bi Anshia akimtazama kwa yale macho yake makubwa. Nilipokwenda mimi sikuvumilia kukaa. Yeye alikaa mpaka mwisho.

Bi Anshia alipofariki, Stora alikuwa miongoni mwa waliochemsha maji ya kumwoshea. Mwaka wa shule ulipokwisha alikabidhi funguo, akanikabidhi kompyuta zote mbili, akaondoka. Hakuaga watu. Tulisikia yuko Namoto kwa mtoto wa dada yake, na kila mmoja wetu alisema atakwenda kumwona, na hatukwenda.

Nilimwona mwaka huu, baada ya mvua. Nilikuwa natoka Mtwara kununua vipuri, nimevuka mto, nangoja pale Namoto lori la kwenda Palma lijaze watu. Chini ya turubai, kando ya wauza samaki wakavu, mwanamke alikuwa amepanga sabuni, biskuti na betri juu ya meza. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akimweleza mteja jinsi ya kuweka betri, kwa subira ile ile ya darasani.

"Stora."

Aliinua uso. Alikuwa amekonda. "Zainabo! Epa, umenenepa, alhamdulillahi." Alijifunza neno hilo kwa Bi Anshia likawa halimtoki mdomoni. Alinivutia ndoo nikakaa, akanipa maji.

Tuliulizana habari za watu. Nilimweleza kuhusu programu: kwamba sasa inatumika hata na kituo cha Pundanhar, kwamba tumeshabadilisha karibu pakote zote, pole pole, na hakuna aliyepotea. Nilidhani atafurahi. Alifurahi, nadhani. Aliuliza juu ya pakote ya yule shemeji wa theluji, nikamwambia kuna kikundi cha watu wameichukua na wanaiendeleza vizuri.

"Na yeye analala sasa," alisema.

"Rudi, Stora. Watoto hawana mwalimu wa maana. Lile halikuwa kosa lako. Tangazo halikufika, watu wote wanajua."

Alipanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangika.

"Lilifika," alisema.

Sikumwelewa.

"Lilifika, Zainabo. Nililisoma lote, asubuhi, kama kawaida. Mpaka tarehe ya kufungwa njia niliiona. Nilijua maana yake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayetaja bei. "Nikasema, siku ya kuigusa programu hii siyo leo. Nikasema baada ya mitihani. Mitihani ikaisha, nikasema baada ya sikukuu. Kila nikinyoosha mkono namwona yule mama juu ya baiskeli. Halafu siku ikapita, nikaona kioo kinasema imetumwa. Nikafurahi. Nikajiambia kumbe wametishia tu."

Mwanamke mmoja alikuja kuuliza biskuti. Stora alimhudumia, akamrudishia chenji, akamtakia safari njema.

"Pale kikaoni ulinisemea vizuri," aliendelea. "Nikanyamaza. Nikazoea kunyamaza."

"Bi Anshia alijua?"

"Nilimwambia. Amina alikuwa ametoka kwenda kisimani. Nilimwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Alinisikia, macho yalinisikia. Nikamwambia, Anshia, sema neno, hata la kunilaani." Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, kiganja kikiangalia juu. "Akanishika hapa, kwa ule mkono wake mzima. Kwa nguvu. Usingedhani ana nguvu zile. Akaushika, akautikisa, akauachia."

Aliutazama ule mkono.

"Mpaka leo sijui alikuwa ananivuta au ananisukuma."

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa anamvuta. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini sikuwepo chumbani, na yeye hakuwa mtu wa kumwambia jambo usilolijua. Nikakaa naye, ndoo kwa ndoo, tukiwatazama watu wanavyopakia, mpaka dereva akapiga honi. Nilinunua sabuni mbili. Alikataa kupokea hela, tukavutana kidogo, akazipokea. Nikapanda lori.